Taarifa za afya yako: umpe hospitali, watafiti, programu ya simu au kampuni ya vinasaba?

Maombi huja kwa sura tofauti. Karani wa mapokezi anakusogezea karatasi yenye maandishi madogo chini: faili lako linaweza kutumika kwa utafiti, weka sahihi hapa. Mtafiti anabisha hodi, dodoso mkononi, nyuma yake msaidizi na kisanduku cha vichupa vya damu. Simu inauliza kama programu uliyoipakua iruhusiwe kusoma mapigo ya moyo na mahali ulipo. Kampuni inakuambia ukitema mate kwenye kichupa na kukituma kwa posta, utajua asili yako na maradhi yanayokunyemelea. Wote wanne hufunga maombi yao kwa maneno yanayofanana: taarifa zako zitasaidia wengine.

Ni kweli, lakini hazisaidii kwa kiwango kimoja, wala hazikuweki kwenye hatari moja. Naandika ulinganisho huu kwa sababu naona watu wakikataa pale ambapo wangeokoa maisha kwa hatari ndogo, kisha jioni hiyo hiyo wakibonyeza "kubali" pale ambapo jamii inapata kidogo na ukoo mzima unawekwa rehani. Hilo linaniuma.

Kinachosaidia ndicho kinachofichua

Mwishoni mwa Agosti 1854 kipindupindu kililipuka Soho, London. Daktari John Snow alikwenda ofisi ya usajili wa vifo akaomba orodha ya waliokufa wiki ile. Alikuta vifo 83 vilivyotokea ndani ya siku tatu, kila kimoja na anwani yake, akaanza kuzipitia nyumba kwa miguu. Karibu zote zilizunguka pampu ya maji ya Broad Street. Lakini kifo kilichoipa hoja yake nguvu kilitokea mbali, Hampstead. Mjane mmoja alikuwa hajakanyaga mtaa ule kwa miezi mingi, na bado kipindupindu kilimuua. Snow akamtafuta mwanawe. Mwana akaeleza kwamba mama aliyapenda maji ya pampu ile, na kila siku gari lilimpelekea chupa moja. Mpwa wake aliyekuja kumtembelea alikunywa pia, akarudi kwake Islington, akafa. Tarehe 8 Septemba mpini wa pampu uliondolewa.

Kazi hapo haikufanywa na majina ya wafu. Ilifanywa na anwani, tarehe, na mwana aliyekubali kumweleza mgeni mama yake alikuwa akinywa nini. Ondoa anwani kwenye orodha ile, na pampu isingejulikana. Na ni anwani hiyo hiyo inayoweza kumwongoza mtu mbaya hadi mlangoni kwako. Ugumu wote wa jambo hili uko hapo: taarifa ikisafishwa mpaka isimguse mtu yeyote, mara nyingi haimfai tena mtu yeyote. Ndiyo maana sipimi waombaji hawa wanne kwa utamu wa ahadi zao. Napima kwa mambo matatu: taarifa zinazonihusu zitakaa kwa nani, atazifanyia nini, na nikighairi itakuwaje.

Faili la hospitali

Faili lako tayari lipo. Hukutobolewa sindano ya ziada, hukuacha kazi ili uhojiwe. Na nguvu yake kubwa ni kwamba linamchukua kila aliyetibiwa, mwenye moyo wa kujitolea na asiye nao, bibi asiye na simu na kijana asiyejaza dodoso hata kwa kubembelezwa. Njia nyingine tatu hazifikii upana huo.

Mfano ninaouthamini kuliko yote ni wa Denmark. Mwaka 1998 jarida moja la tiba la Uingereza lilichapisha makala iliyoihusisha chanjo ya surua, matubwitubwi na rubela na usonji. Makala yenyewe ilisimama juu ya watoto 12. Hofu ikasambaa, wazazi wakawanyima watoto chanjo. Denmark, kwa bahati njema, tangu 1968 kila mkazi ana namba moja inayomfuata kwenye sajili zote za serikali na hospitali. Watafiti waliunganisha rekodi za watoto 537,303 waliozaliwa kati ya 1991 na 1998, wakalinganisha waliochanjwa na wasiochanjwa. Hawakuona ongezeko lolote la usonji kwa waliochanjwa. Matokeo yalitoka 2002, na hakuna mtoto hata mmoja aliyeitwa kupimwa upya. Makala ile ya watoto 12 jarida liliifuta rasmi mwaka 2010. Fikiria nini kingejibu hofu ile kama wazazi wote wa Denmark wangesema faili la mwanangu lisiguswe.

UVIKO-19 ilipoingia, timu ya Uingereza ilijenga mfumo uitwao OpenSAFELY, ukachambua rekodi za watu wazima zaidi ya milioni 17. Kufikia Julai 2020 walikuwa wamechapisha ni nani walio kwenye hatari kubwa zaidi ya kufa: wazee, wanaume, wenye kisukari kisichodhibitiwa, wakazi wa maeneo maskini, watu weusi na wenye asili ya Asia Kusini. Ukubwa huo unashangaza, lakini mimi nilivutiwa zaidi na namna kazi ilivyofanyika. Rekodi hazikutoka pale zilipokuwa. Mtafiti aliandika maswali yake kama programu ya kompyuta, programu ikapelekwa kwenye rekodi, na kilichorudi mikononi mwake kilikuwa majedwali ya jumla. Kila programu iliyoendeshwa imewekwa hadharani ili yeyote aweze kuikagua.

Iweke hiyo kando ya kilichotokea Massachusetts, Marekani, katikati ya miaka ya 1990. Taasisi iliyosimamia bima ya afya ya watumishi wa jimbo iliwapa watafiti rekodi za matibabu baada ya kufuta majina. Latanya Sweeney, wakati huo mwanafunzi wa chuo kikuu cha MIT, akanunua daftari la wapiga kura wa mji wa Cambridge kwa dola 20. Gavana William Weld aliishi mji huo. Kwenye daftari, watu sita tu walikuwa na tarehe yake ya kuzaliwa; watatu kati yao walikuwa wanaume; na katika hao ni mmoja tu aliyekuwa na msimbo wake wa posta. Sweeney akamtumia gavana rekodi zake mwenyewe za matibabu, ofisini kwake. Baadaye alionyesha kwamba tarehe ya kuzaliwa, jinsia na msimbo wa posta vinatosha kumtenga mtu na wengine wote kwa takriban asilimia 87 ya Wamarekani.

Kwa hiyo anayekuambia "jina lako tutaliondoa" bado hajakujibu. Muulize: faili litanakiliwa na kupelekwa kwingine, au mtafiti ndiye atakayelifuata lilipo? Jibu la swali hilo moja lina uzito kuliko kurasa kumi za ahadi. La pili la kuuliza ni kama utaweza kuona nani amelifungua. Estonia, ambako mfumo wa taarifa za afya wa taifa ulianza 2008, mgonjwa huingia mwenyewe akaona nani ametazama rekodi zake. Uingereza nayo ilijifunza kwa gharama: mpango ulioitwa care.data, wa kukusanya rekodi za madaktari wa familia mahali pamoja, ulitangazwa 2013, wananchi wakalalamika kwamba hawakuelezwa vya kutosha nani angezipata, na 2016 ukafungwa. Faida yote iliyotarajiwa ikaenda na maji kwa sababu ya kukosa kuwaeleza watu.

Udhaifu wa faili nao ni wa kweli. Linajua uliugua nini. Halijui unakula nini, unalalaje, unavuta sigara ngapi ila pale daktari alipokumbuka kuuliza. Asiyefika hospitali hayumo kabisa. Na kwa mwenye ugonjwa unaobebeshwa unyanyapaa, tuseme VVU au maradhi ya akili, kuvuja kwa faili kunaweza kumvunjia ndoa au ajira. Mtu huyo akikataa rekodi zake zinakiliwe na kutumwa huku na kule, mimi sitamlaumu hata kidogo. Akiwa mahali ambapo rekodi hazitoki, ningemshawishi akubali, kwa sababu magonjwa yanayofichwa ndiyo yanayopangiwa bajeti kwa kubahatisha.

Utafiti wa miaka mingi

Hapa unaombwa wewe kwa jina lako, unapewa muda wa kufikiri, na unakubali kufuatiliwa kwa miaka. Faili la hospitali huanza siku ulipougua. Utafiti wa namna hii huandika ulivyoishi kabla hujaugua, na moyo au mapafu huharibika kwa miongo kabla mwenyewe hajahisi kitu.

Mwaka 1948 wakazi 5,209 wa mji wa Framingham, Massachusetts, walianza kupimwa kila baada ya miaka miwili: presha, lehemu (kolesteroli) kwenye damu, uzito, uvutaji sigara. Zama hizo madaktari wengi waliona presha kupanda na umri ni kawaida, haihitaji kushughulikiwa. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1960 taarifa za watu wale zilikuwa zimeonyesha wazi kwamba presha ya juu na lehemu nyingi hutangulia ugonjwa wa moyo. Leo nesi akikufunga mkanda wa presha mkononi hata kabla hujasema kinachokuuma, anatumia kilichotolewa na watu wale. Watoto wao wakaingizwa utafitini 1971, wajukuu 2002.

Wakati mwingine kinachoombwa ni kidogo mno. Oktoba 1951, Richard Doll na Austin Bradford Hill waliwaandikia madaktari wa Uingereza barua yenye maswali machache kuhusu sigara. Zaidi ya 40,000 wakajibu. Kazi iliyobaki ilikuwa kusubiri na kukusanya sababu za vifo mwaka baada ya mwaka. Matokeo ya kwanza yalitoka 1954. Yale ya miaka 50, yaliyotoka 2004, yalionyesha kwamba mvutaji asiyeacha hupoteza takriban miaka 10 ya maisha. Dakika chache za kujaza karatasi ziliwafaa watu ambao hawajazaliwa.

Na kuna jambo ambalo msomaji mwenye asili ya Afrika anapaswa kulijua kabla hajafunga mlango. Kufikia 2018, karibu asilimia 78 ya washiriki wa tafiti kubwa za vinasaba duniani walikuwa na asili ya Ulaya, na wenye asili ya Afrika walikuwa kama asilimia 2. Hasara ya pengo hilo inaonekana vizuri kwenye hadithi ya jeni iitwayo PCSK9. Watafiti wa Dallas, Helen Hobbs na Jonathan Cohen, walitazama taarifa za Wamarekani weusi waliofuatiliwa kwa takriban miaka 15, wakakuta kwamba asilimia 2.6 kati yao walizaliwa na nakala ya jeni hiyo isiyofanya kazi. Lehemu mbaya kwenye damu yao ilikuwa chini kwa asilimia 28, na ugonjwa wa mishipa ya moyo ulipungua kwa asilimia 88. Walichapisha 2006. Kufikia 2015 dawa zinazoizuia PCSK9 zilikuwa zimeidhinishwa, na leo zinawatibu watu wa kila rangi. Kama watu wale wasingekuwemo kwenye utafiti, mabadiliko hayo, ambayo kwa wenye asili ya Ulaya ni nadra sana, yangebaki yamejificha.

Sasa tuitazame fomu ya ridhaa kwa karibu, maana hapo ndipo njia hii hunyooka au kupinda. Fomu nzuri haina sahihi moja chini ya kurasa nane. Ina visanduku, na kila kisanduku kina jambo lake. Nakubali kujibu maswali. Nakubali kutolewa damu. Nakubali majibu yangu yaunganishwe na faili langu la hospitali. Nakubali sampuli yangu ihifadhiwe na kutumika kwa tafiti nyingine zitakazokuja. Kile cha mwisho ndicho watu hukipita haraka wakiwa wamechoka kusoma, nacho ndicho kizito kuliko vyote. Wahavasupai, jamii ya wenyeji wa Marekani wanaoishi kwenye bonde la Grand Canyon, walitoa damu mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakijua inachunguzwa kisukari, ugonjwa uliokuwa ukiwamaliza. Damu hiyo hiyo ikatumika kuchunguza maradhi ya akili na historia ya uhamaji wao, mambo ambayo kwao yalikuwa ya aibu na ya imani. Waligundua 2003. Mwaka 2010 Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona kilikubali kuwalipa dola 700,000 na kuwarudishia sampuli. Walitoa kwa nia njema wakafanyiwa vile. Mtu akisema hataki tena kusikia neno utafiti, namwelewa.

Ukiniuliza kati ya faili na utafiti wa hiari kipi kina nguvu, nitasema kimoja kinaziba pengo la kingine. UK Biobank, utafiti wa hiari wa Uingereza, ilipata washiriki 500,000 wa miaka 40 hadi 69 kati ya 2006 na 2010, na imekuwa hazina ya watafiti wa dunia nzima. Lakini walioitikia ni kama asilimia 5.5 tu ya walioalikwa, na kwa wastani walikuwa na afya bora kuliko wenzao. Wanaojitolea siku zote ni watu wa aina fulani, na faili la hospitali ndilo linalomleta yule mwingine. Kwa upande wa heshima kwa mtoaji, hata hivyo, njia hii ya pili inashinda zote: unajua unaingia wapi, na yupo mtu wa kumpigia simu.

Programu ya simu na saa ya mkononi

Hapa uzuri na ubaya vimekaa meza moja, na ndiyo maana watu huchanganyikiwa.

Uzuri wake ni kasi. Machi 2020, watafiti wa King's College London na kampuni ya ZOE walitoa programu ambayo mtu alijaza kila siku anavyojisikia. Ndani ya wiki chache zaidi ya watu milioni 2.6 walikuwa wameijaza. Kati ya waliopimwa, asilimia 65 ya waliokutwa na virusi vya korona walisema wamepoteza uwezo wa kunusa au kuonja, dhidi ya asilimia 22 ya wasiokutwa navyo. Matokeo yalichapishwa 11 Mei, na tarehe 18 Mei dalili hiyo ikaongezwa kwenye orodha rasmi ya Uingereza. Faili la hospitali lisingeliona hilo haraka vile, kwa sababu mtu aliyeacha kunusa chai yake asubuhi haendi hospitali. Anakaa nyumbani na kuambukiza wengine.

Wingi wa taarifa peke yake, lakini, haununui ukweli. Google Flu Trends ilianza 2008 ikikadiria mafua kutokana na maneno ambayo watu huyatafuta mtandaoni. Msimu wa 2012 hadi 2013 makadirio yake yalikuwa karibu mara mbili ya hali halisi, na 2015 ikasitishwa. Mabilioni ya utafutaji yalizidiwa na madaktari waliokuwa wakihesabu wagonjwa wao.

Cha kufurahisha ni kwamba inawezekana pia kusaidia sana kwa kutoa kidogo sana. Aprili 2020 Apple na Google walitangaza mfumo ambao simu mbili zilizokaribiana hubadilishana namba za kubahatisha, namba hizo hubadilika kila baada ya dakika chache, na ulinganishaji hufanyika ndani ya simu yenyewe. Hakuna ofisi inayojua ulikuwa wapi wala na nani. Programu ya Uingereza iliyojengwa juu ya mfumo huo inakadiriwa kuzuia maambukizi kati ya 284,000 na 594,000 kuanzia Septemba hadi Desemba 2020. Singapore walichukua njia nyingine: programu ya TraceTogether iliweka taarifa kwa namna ambayo serikali ingeweza kuzifikia, wananchi wakaambiwa ni za kufuatilia maambukizi tu. Januari 2021 serikali ikaeleza bungeni kwamba polisi nao wanaweza kuzitumia katika uchunguzi wa jinai. Sheria ya kuweka mipaka ilipitishwa Februari, lakini neno lilikuwa limeshavunjwa.

Na kampuni binafsi je? Januari 2021 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ilitangaza makubaliano na watengenezaji wa Flo, programu ya kufuatilia hedhi na ujauzito yenye watumiaji zaidi ya milioni 100. Tume ilidai kwamba kampuni iliahidi kutunza siri huku ikipeleka taarifa za watumiaji kwa Facebook, Google na wengineo. Mwanamke aliandika siku zake, na wauza matangazo wakapata kujua kwamba ni mjamzito. Afya ya umma ilinufaika na nini hapo? Sioni.

Kuna hata taarifa za simu ambazo hukuombwa. Watafiti walitumia rekodi za simu za Juni 2008 hadi Juni 2009 za karibu watu milioni 15 nchini Kenya, pasipo majina, kuonyesha jinsi vimelea vya malaria husafiri na watu kutoka ukanda wa Ziwa Victoria hadi Nairobi. Ilikuwa kazi ya thamani: ilionyesha ni wapi kuzima malaria kungewanufaisha hata wakazi wa mbali. Lakini utafiti mwingine wa 2013, uliotumia simu za watu milioni 1.5, ulionyesha kwamba kujua mahali na saa kwa nukta nne tu kunatosha kumtambua mtu mmoja katika asilimia 95 ya watu hao. Ramani ya safari za watu wote kwa pamoja ni jambo jema. Safari za mtu mmoja mmoja zisitoke kwenye kampuni ya simu.

Kabla ya kubonyeza "ruhusu", fungua mipangilio ya simu utazame ruhusa moja moja. Programu ya kuhesabu hatua inataka orodha ya majina kwenye simu yako ya nini? Programu ya dalili za ugonjwa inahitaji wilaya yako, haihitaji kujua mlango wako kila dakika. Zima kisichohusika uone kama itaendelea kufanya kazi. Mara nyingi huendelea.

Kichupa cha mate

Hii naiweka mwisho, na sisiti kusema hivyo. Siyo kwamba haijafaa kitu. Wateja wengi wa 23andMe, kampuni ya Marekani ya kupima vinasaba kwa mate, walikubali vinasaba vyao vitumike kwa utafiti, na tafiti kubwa za maradhi kama Parkinson zimenufaika. Lakini tazama nani ameshika nini. Wewe unalipa ili upimwe. Mwaka 2018 kampuni ya dawa ya GSK iliwekeza dola milioni 300 ndani ya 23andMe ili itumie hazina hiyo ya vinasaba. Mwaka 2023 wadukuzi waliingia kwenye akaunti kama 14,000 ambazo nywila zake zilikuwa zimetumika pia kwenye tovuti nyingine, na kwa kuwa mfumo uliwaunganisha wateja na ndugu zao, taarifa za watu takriban milioni 6.9 zikachukuliwa. Machi 2025 kampuni ikaomba ulinzi wa kufilisika, na watu wakabaki wakiuliza mate yao yatauzwa kwa nani. Mwishowe hazina ilinunuliwa kwa dola milioni 305 na shirika lisilo la faida linaloongozwa na mmoja wa waanzilishi wa 23andMe. Angeweza kuwa mnunuzi mwingine yeyote.

Nywila ikiibwa unaibadilisha. Vinasaba havibadilishwi, na wala si vyako peke yako: nusu unayo pamoja na mama yako, nusu umempa kila mwanao. Aprili 2018 polisi wa California walimkamata mwuaji wa miaka ya 1970 na 1980 kwa kufuata vinasaba vya ndugu zake wa mbali vilivyokuwa kwenye tovuti ya nasaba. Yeye mwenyewe hakuwa ameweka chochote. Safari hiyo ilileta haki, na nafurahi kwa ajili ya walioumizwa; lakini inaonyesha kwamba ukitema mate kwenye kichupa unawasemea watu ambao hawakuulizwa. Kama vinasaba vyako unataka viwafae wengine, vipeleke kwenye utafiti wenye fomu na kamati ya maadili. Faida ni ile ile, na hakuna mnunuzi anayesubiri nje.

Njia ndogo isiyotajwa

Ukimeza dawa ukaona kitu kisicho cha kawaida, kumwambia daktari, mfamasia au mamlaka ya dawa nako ni kutoa taarifa binafsi kwa afya ya umma. Mwaka 1961 Widukind Lenz wa Ujerumani na William McBride wa Australia walihusisha dawa ya thalidomide na watoto waliozaliwa bila mikono au miguu kamili. Zaidi ya watoto 10,000 duniani walikuwa wameathirika. Uingereza ikaanzisha kadi ya njano ya kuripoti madhara mwaka 1964, na Shirika la Afya Duniani mpango wa kimataifa mwaka 1968. Dawa hujaribiwa kwa maelfu ya watu kabla ya kuuzwa, na dhara linalompata mmoja kati ya laki moja halionekani pale. Linaonekana mtu wa kawaida anaposema "tangu nianze dawa hii". Ripoti moja, hatari kwako karibu hakuna. Ni njia yenye faida kubwa kwa jasho dogo kuliko zote, na sijui kwa nini hatuambiwi tukiwa dirishani tunapokea dawa.

Nani aende wapi

Ukiwa mzima na una subira, ingia kwenye utafiti wa muda mrefu ukialikwa. Wazima ndio wanaokosekana. Ukiwa na ugonjwa sugu, ruhusu faili lako, hasa kama halitanakiliwa, kwa sababu wewe una miaka ya vipimo ambayo hakuna dodoso linaloweza kuirudisha. Mjamzito au mama anayenyonyesha aripoti kila dhara la dawa, na asiandike siku zake kwenye programu isiyosema wazi kwamba zinabaki ndani ya simu. Wakati wa mlipuko, programu ya dalili inayoendeshwa na chuo au wizara, yenye tarehe ya kufungwa, ningeijaza kila asubuhi. Mlipuko ukipita, ningeifuta. Kichupa cha mate ningekirudisha dukani.

Halafu kuna kughairi. UK Biobank humpa mshiriki ngazi: msinitafute tena lakini endeleeni kutumia mlicho nacho, au msifuatilie tena rekodi zangu, au acheni kabisa kutumia chochote changu. Hata ngazi hiyo ya mwisho haiwezi kukutoa kwenye matokeo yaliyokwisha kuchapishwa, na fomu ya kweli itakuambia hivyo mapema. Tafuta aya hiyo kabla ya nyingine zote. Kama fomu uliyopewa haisemi utakavyojitoa, wala simu ya nani utapiga siku hiyo, irudishe ikiwa haina sahihi na umwombe aliyekuletea akuandikie hayo mawili kwanza.